Saa ya Mwisho Kabla ya Kipyenga

Hotuba kwa makocha na viongozi wa timu za futsal za wanawake

Ndugu makocha, viongozi wa timu, na nyinyi dada zangu wachezaji mliojipenyeza viti vya nyuma ingawa mwaliko ulisema makocha na viongozi tu, habari za asubuhi. Nimepewa dakika 40, sawasawa na mechi nzima ya futsal, huu mpira wetu wa ukumbini wa watu watano kila upande, ila saa yangu mimi haisimami mpira ukitoka nje. Kwa hiyo niingie uwanjani moja kwa moja.

Ninachotaka tukiangalie ni ile saa ya mwisho kabla mechi haijaanza. Mchezaji aliyekuwa akipiga chenga kwa raha zake wiki nzima mazoezini, leo amekwenda chooni mara ya tatu. Amefunga kamba za viatu, amezifungua, anazifunga tena. Jirani yake anacheka kwa sauti kubwa kuliko kichekesho chenyewe. Wa tatu kanuna, ukimsemesha anajibu kwa kutikisa kichwa. Na kocha? Kocha mara nyingi ndiye mwenye tumbo joto kuliko wote, tofauti ni kwamba yeye ana ruhusa ya kupiga kelele.

Msimamo wangu niuseme mapema, ili anayetaka kubishana aanze kujiandaa. Mchecheto wa kabla ya mechi si ugonjwa, na kocha anayehangaika kuufuta kabisa anapoteza muda wake. Kinachomwangusha mchezaji ni vitu viwili: namna anavyoyasoma yale anayoyasikia mwilini, na vurugu tunazomwongezea sisi tunaomzunguka. Hilo la kwanza tunaweza kumfundisha. La pili ni deni letu, na ndilo nitakalokaa nalo zaidi.

Tuanze na mwili, maana huko ndiko mchezaji anakoanza kujishtukia. Mwanafiziolojia wa Marekani, Walter Cannon, alieleza mwaka 1915 jinsi mwili unavyojiweka tayari kupambana au kukimbia: tezi zilizo juu ya figo zinamwaga adrenalini, moyo unaongeza kasi, pumzi zinakuwa fupi, damu inapungua tumboni na kupelekwa kwenye misuli, viganja vinatoa jasho. Inafuatia homoni nyingine, kotisoli, inayosaidia kupandisha sukari kwenye damu ili kazi iwe na mafuta. Kotisoli hupanda hata kabla mchezaji hajagusa mpira, kwa kuiwaza mechi tu, na unaweza kuipima kwenye mate. (Akija mtu akawapimia wachezaji wako mate asubuhi siku moja na jioni siku nyingine, kisha akakutajia nani ana msongo, mshukuru na umwage. Kotisoli ya kila mtu huwa juu asubuhi baada ya kuamka, halafu hushuka kadiri siku inavyokwenda.)

Sasa yatazameni hayo yote kwa jicho la futsal. Katika mpira wa wachezaji 11, beki wa pembeni anaweza kumaliza dakika kadhaa za mwanzo bila mpira kumfikia, akauzoea uwanja taratibu. Sisi hatuna anasa hiyo. Uwanja wa mechi za kimataifa una urefu wa mita 38 hadi 42 na upana wa mita 20 hadi 25. Kila upande una wachezaji wanne na kipa, na mpira ni mdogo, haudundi sana, unarudi miguuni mwako kila baada ya sekunde chache. Anayeingia na mapigo ya moyo ya mtu aliyetoka kulala atapitwa kwenye shambulio la kwanza. Moyo unaokwenda mbio chumbani umetangulia kazini, basi. Shida inaanza pale mchezaji anapousikia na kujiambia: "Nimeshaanza kutetemeka, leo nitaharibu."

Wanasaikolojia Richard Lazarus na Susan Folkman, katika kazi yao ya mwaka 1984, walieleza kwamba mtu anapokutana na jambo zito anapima pande mbili: jambo hili linanigusa kwa ukubwa gani, na mimi nina nini cha kukabiliana nalo. Wachezaji wawili wanaweza kuikubali mechi moja kuwa ni ya kufa na kupona, mmoja akaona ana silaha, mwingine akaona yuko mikono mitupu. Mapigo ya moyo ni yale yale. Mechi watakazocheza hazitafanana.

Niwape mfano mmoja. Kipa niliyewahi kufanya naye kazi alikuwa anatapika kabla ya kila mechi kubwa. Anakwenda, anarudi, anasukutua, anavaa glavu, anakaa. Akaja kocha msaidizi mpya, akamkuta ameinama kwenye sinki, akatoka mbio kutaka kipa wa akiba aanze. Nahodha, aliyekuwa amecheza mbele ya yule dada misimu mingi, akamshika mkono: "Mwalimu, mwache. Siku asipotapika ndiyo uogope." Kipa akacheza, na akacheza vizuri. Simwombei mtu kutapika, na daktari alikuwa ameshamwangalia kuhakikisha tumbo halina tatizo lingine. Lakini dada yule alikuwa amejisoma. Kwake ile ilikuwa hatua ya mwisho ya kujiandaa, kama kuvaa glavu. Kocha mpya aliisoma kama dalili ya kushindwa, na angefanikiwa kumtoa, ndiye angekuwa amemfundisha kuogopa.

Wengi wenu kwenye kozi mmeshachorewa ubaoni kile kilima: msisimko ukiwa mdogo mchezaji analala, ukiwa wa kati anang'ara, ukizidi anaporomoka. Kinatajwa kwa majina ya Robert Yerkes na John Dodson, mwaka 1908. Sawa, ila mkumbuke kwamba wale walikuwa wanafundisha panya kutofautisha visanduku kwa kuwapiga shoti za umeme. Kutoka panya wa maabara hadi mchezaji wako wa mbele ni safari ndefu. Mimi namsikiliza zaidi Yuri Hanin, aliyewachunguza wanamichezo wenyewe na kuona kwamba kila mmoja ana eneo lake la msisimko linalomfaa. Yuko anayehitaji kutulia kabisa, na yuko anayehitaji kuwaka. Ndiyo maana hotuba moja ya kelele, ile ya kupiga ngumi mlangoni, inampandisha mmoja na kumzamisha mwenzake aliyekaa benchi lile lile. Kocha anatoka chumbani akidhani amewapa moto wote.

Kuna chombo kingine kimetusaidia sana, dodoso la maswali 27 lililotengenezwa na Rainer Martens na wenzake na kuchapishwa mwaka 1990. Ubora wake ni kutenganisha vitu tunavyovisomba pamoja: wasiwasi wa mawazo, wasiwasi wa mwili, na kujiamini. Havitembei pamoja. Wasiwasi wa mawazo unaweza kuanza siku kadhaa kabla na kukaa hapo hapo. Ule wa mwili hupanda ghafla saa za mwisho, na kwa kawaida hushuka mechi ikishaanza. Mchezaji akilijua hilo tu, kwamba mikono itaacha kutetemeka baada ya pasi chache, umemwondolea nusu ya mzigo. Na kujiamini ni kitu cha pekee yake, kinaweza kukaa juu hata wasiwasi ukiwepo. Mtu anaweza kuogopa na kujiamini kwa wakati mmoja. Waulizeni wanaopiga penalti.

Mwaka 2003 Tim Woodman na Lew Hardy walikusanya tafiti 48 na kuzipima kwa pamoja. Waliona kwamba kujiamini kunahusiana na kiwango cha mchezo zaidi kuliko wasiwasi unavyohusiana nacho, na kwamba mahusiano yote mawili, kwa wastani, si makubwa. Mkipenda kubeba kitu kimoja kutoka kwa watafiti, bebeni hicho: muda mnaoutumia kumwambia mchezaji "usiogope", utumieni kumkumbusha anachokiweza.

Tafiti zile zilionyesha pia kwamba mahusiano hayo yalikuwa hafifu zaidi kwa wanawake kuliko kwa wanaume. Nalitaja kwa makusudi, kwa sababu nimechoka kusikia pembeni mwa uwanja kwamba "mabinti wanafungwa kwa woga". Ni kweli, kwenye madodoso mengi wanamichezo wa kike huandika wasiwasi mwingi zaidi na kujiamini kudogo zaidi kuliko wenzao wa kiume. Lakini kuandika wasiwasi ni jambo moja na kushindwa kwa sababu ya wasiwasi ni jambo jingine. Tena nani hapa haamini kwamba wako wavulana waliolelewa kufa na tai shingoni, wanaotetemeka magoti na kuandika kwenye fomu "niko fiti"? Binti anayekwambia ana wasiwasi amekupa taarifa ya bure. Usimgeuzie taarifa hiyo kuwa kosa.

Nije kwenye futsal ya wanawake yenyewe, maana ina presha zake za kipekee.

FIFA iliandaa Kombe la Dunia la futsal la wanaume kwa mara ya kwanza mwaka 1989, Uholanzi. La wanawake limekuja mwaka 2025, Ufilipino. Miaka 36 baadaye. Afrika ilipeleka Morocco na Tanzania, waliokuwa wamekutana mwezi Aprili mwaka huo huo kwenye fainali ya Kombe la Afrika la wanawake huko Rabat, na Brazil ndio waliolitwaa kombe la dunia. Tuliofurahi tulifurahi kweli. Lakini fikirieni maana ya kuchelewa huko kwa mchezaji mmoja mmoja. Anakua bila mashindano ya kutosha. Mechi za ushindani anazozipata kwa msimu ni chache, na kila moja inabebeshwa uzito usio wake: wakifungwa, utasikia "ndiyo maana hatuweki pesa kwa wanawake". Mvulana akipoteza mpira, amepoteza mpira. Dada yake akipoteza mpira ule ule, amepoteza hoja ya jinsia nzima. Halafu tunashangaa miguu imekuwa mizito.

Dawa ya hapo kocha haipati kwenye saikolojia. Ni mechi nyingi zaidi. Mechi za kirafiki zenye waamuzi wa kweli, zenye saa inayosimamishwa, zenye watu wachache wa kushangilia na kuzomea. Ugeni wa jambo ndio chakula cha hofu, na ugeni unaondoka kwa kurudiarudia.

Halafu ukumbi. Watazamaji wako hatua chache kutoka mstari, sauti inagonga paa na kurudi, unamsikia shangazi yako anakuita kwa jina la nyumbani. Kosa lolote linaonekana na kila mtu, na umbali kati ya kosa na goli ni sekunde tatu. Kuna faulo za kuhesabiwa: timu ikifikisha ya sita katika kipindi kimoja, kuanzia hapo wapinzani wanapiga mpira wa adhabu bila ukuta, na wanaruhusiwa kuupiga kutoka mita 10. Kuna sekunde nne za kuanzisha mpira. Mchezaji mwenye wasiwasi wa mawazo anazibeba hesabu hizo kichwani badala ya kuutazama mchezo.

Lakini mchezo huu huu umetupa zawadi ambayo wengi hatuitumii. Mabadiliko hayana idadi. Mchezaji anaingia, anacheza dakika mbili tatu, anatoka, anakunywa maji, anarudi. Hakuna sababu ya kumwambia mtu "usipokaza leo nakutoa" kana kwamba kutoka ni hukumu. Timu ikizoea kuwa kutoka ni sehemu ya kazi, mchezaji aliyekosea anajua nafasi nyingine iko dakika chache mbele. Kocha anayemtoa mtu sekunde tano baada ya kosa, mbele ya ukumbi mzima, ndiye anayeiua zawadi hiyo. Msubiri. Acha aguse mpira mara mbili zaidi, ndipo umtoe. Anayekuja kukaa kando yako akiwa na pasi mbili nzuri kichwani si sawa na anayekuja na goli alilosababisha.

Sasa deni letu. Nimefanya zoezi hili na timu kadhaa: nawaomba wachezaji waandike, bila jina, ni nini kiliwasumbua saa ya mwisho kabla ya mechi iliyopita. Nilipoanza nilitegemea kusoma juu ya wapinzani. Wapinzani wanatajwa, ndiyo, ila huwa hawaongozi. Kinachoongoza ni sisi.

Bukta nyeupe. Karibu kila timu ninayoipa karatasi hizo, bukta nyeupe inatokea. Mchezaji aliye kwenye hedhi anacheza mechi ya ndani, taa kali juu, kamera za simu kila upande, na nusu ya akili yake iko nyuma ya bukta. England walihama kutoka bukta nyeupe kwenda za bluu mwaka 2023, kabla ya Kombe la Dunia la wanawake, baada ya wachezaji wao kusema. Kwa klabu ndogo hilo ni uamuzi wa siku moja, siku ya kuagiza jezi. Kuhusu hedhi na kiwango cha mchezo, tafiti kwa jumla zinaonyesha athari ndogo kwa wastani, na tofauti kubwa kati ya mtu na mtu, kwa hiyo msimpangie mtu benchi kwa kalenda. Wekeni pedi kwenye begi la huduma ya kwanza, juu kabisa, pamoja na bukta ya akiba ya kila saizi, ili asiwepo wa kulazimika kuomba. Makocha wanaume mliokuwa mnatazama sakafu tangu nilipotaja neno hedhi, inueni vichwa, tunaendelea.

Kwa wanaojisitiri nywele: kufunika kichwa kuliruhusiwa rasmi kwenye sheria za soka mwaka 2014. Bado kuna wachezaji wanaofika ukumbini bila kujua kama mwamuzi wa siku hiyo atawasumbua. Kiongozi wa timu amalize jambo hilo na waamuzi mapema, yeye mwenyewe, mchezaji asiguswe nalo. Hali kadhalika sidiria za michezo: zipangwe mapema. Na chumba: timu za wanawake zinavalia stoo, zinavalia chooni, zinavalia ndani ya basi na khanga zikiwa zimeshikwa madirishani, wakati chumba kimefungwa kwa sababu mwenye ufunguo hayupo. Hilo nalo tunaliita presha ya mechi?

Linalofuata kwa wingi ni kutojua. Nani anaanza? Makocha wengi tunaficha kikosi hadi dakika za mwisho tukiamini tunawaweka wote macho. Tunachokiweka macho ni hofu. Tangaza watano wa kwanza usiku wa kuamkia mechi, au asubuhi yake, na waambie wa benchi ni dakika ya ngapi takriban wataingia na kufanya nini. Ratiba ya siku ibandikwe: chakula saa ngapi, gari saa ngapi, kupasha misuli saa ngapi. Mambo madogo, lakini kila jibu unalotoa mapema ni swali moja ambalo mchezaji halibebi uwanjani.

Wageni wa chumbani nao. Utakuta zimebaki dakika 20, mlango unafunguliwa, anaingia kiongozi na wenzake wanne kuja "kuwapa moyo mabinti". Anaahidi pesa. Anakumbusha kwamba taifa, au klabu, au mtaa, wote wanawategemea. Anaomba picha. Nia yake ni njema, na anapotoka amewaachia mlima. Mlango ufungwe, mtu wa kusimama mlangoni ateuliwe, awe mpole na asiogope vyeo. Mazungumzo ya posho yafanyike siku moja kabla au siku moja baada. Timu iliyoambiwa posho imekwama saa moja kabla ya mechi haiwezi kutulizwa na mwanasaikolojia yeyote, nami siwezi kujaribu.

Na uzito. Maneno kama "naona umeongezeka" hayana kazi siku ya mechi. Nadhani hayana kazi siku yoyote, ila leo nagombea siku ya mechi tu.

Tukishamaliza deni hilo ndipo tuna haki ya kumgeukia mchezaji na kumfundisha namna ya kujiweka sawa. Hapa nitakwenda haraka, kwa sababu mbinu zenyewe si ngumu, kinachokosekana ni kuzifanyia mazoezi siku za kawaida. Mbinu inayojaribiwa kwa mara ya kwanza siku ya fainali inakuwa chanzo kingine cha wasiwasi.

Pumzi: kuvuta na kutoa taratibu, kama mara sita kwa dakika, kutoa kukiwa kurefu kuliko kuvuta. Dakika tatu zinatosha. Inamfaa yule ambaye mwili umezidi kuwaka. Aliyepoa kupita kiasi hahitaji pumzi, anahitaji kurukaruka na mchezo wa kugusana mabega.

Maneno ya kujiambia: mwaka 2014 Alison Wood Brooks alichapisha majaribio yaliyohusu watu waliokuwa karibu kuimba, kuhutubia au kufanya hesabu. Waliojiambia kwamba wamesisimka walifanya vizuri kuliko waliojilazimisha kutulia. Hawakuwa wanamichezo, lakini kwa jinsi nilivyowaona wachezaji, inaelekea kweli. Ni rahisi zaidi kuugeuza moto kuliko kuuzima kwa dakika kumi. "Mwili umeamka, uko tayari" ni sentensi ambayo mchezaji anaweza kuiamini. "Nimetulia kabisa" anajua ni uongo.

Mpango wa "ikitokea hivi, nafanya hivi": kila mchezaji achague tukio moja analoliogopa na jibu lake la vitendo. Nikipoteza mpira, nageuka na kukimbilia katikati ya goli langu. Refa akihesabu faulo ya tano, nakaba kwa miguu na mikono naiweka nyuma. Kipa akifungwa, anaokota mpira, anaurusha, anagusa mlingoti, anasema neno lake. Jibu liwe tendo, wala lisiwe "nitakuwa imara", kwa sababu chini ya presha mtu hajui kufanya "imara", anajua kukimbia kwenda mahali.

Nanyi makocha, maelekezo ya mwisho yaelekezeni nje ya mwili wa mchezaji. Mchezaji mzoefu aliyebanwa na hofu ana tabia ya kuanza kuusimamia mguu wake mwenyewe, kifundo kikae vipi, mguu wa kushoto uwe wapi, na ufundi alioupata kwa miaka unavunjika mikononi mwake. Ukimwambia "tazama nafasi iliyo nyuma ya beki wao" unamrudisha mchezoni. Hofu pia hubana uwezo wa kuona pembeni na kukaza misuli, na hiyo ni sababu mojawapo inayofanya wanamichezo wenye msongo kuumia zaidi, kama Mark Andersen na Jean Williams walivyoeleza mwaka 1988. Kwa hiyo wakati wa kupasha misuli wekeni zoezi la kutazama begani kabla ya kupokea pasi. Linapasha shingo na akili kwa pamoja.

Kwa wapigaji wa mipira ya adhabu na penalti: Geir Jordet wa Norway amechunguza penalti za mashindano makubwa ya soka na kuona kwamba wanaokimbilia kupiga mara tu kipyenga kinapolia hukosa zaidi. Wanataka mateso yaishe. Hata ndani ya sekunde nne za mpira wa adhabu kuna nafasi ya pumzi moja nzima. Waifanyie mazoezi pumzi hiyo, kocha akihesabu kwa sauti.

Usingizi wa usiku wa kuamkia mechi ukikatika, msiwafanye waamke wakiwa wameshashindwa. Ni jambo la kawaida sana kwa wanamichezo, na usiku mmoja mbaya haufuti wiki ya mazoezi. Linalonitia wasiwasi ni wiki mbili za kukosa usingizi. Au mchezaji aliyeacha kula. Au anayelia kabla ya mazoezi ya kawaida, anayepata maumivu kila Ijumaa yanayoisha Jumatatu. Hapo tumetoka kwenye mchecheto wa mechi, na mahali pake ni kwa daktari au mwanasaikolojia. Mwanajimnastiki wa Marekani, Simone Biles, alijitoa kwenye sehemu ya mashindano ya Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021 alipoona akili na mwili haviko pamoja hewani, na alikuwa bora kuliko wote. Kumpumzisha mtu si kumfuta.

Na kuna jambo moja zaidi. Iwapo hofu ya mchezaji inapanda mtu fulani anapoingia chumbani, na kushuka mtu huyo anapotoka, usimfundishe kupumua. Huyo hana tatizo la mechi. Msikilize faragha, akiwa na mwanamke anayemwamini, usimkutanishe na anayemwogopa, na peleka taarifa kwa wenye mamlaka ya kulinda wachezaji siku hiyo hiyo, hata kama mtuhumiwa ndiye anayelipia jezi.

Nimalizie na kazi ya kufanya mkirudi. Baada ya mechi, iwe ya kushinda au kufungwa, uchambuzi usifanyike ndani ya gari. Waacheni wale, walale. Mazoezi yanayofuata, gawa karatasi zenye maswali matatu: saa ya mwisho mchecheto wako ulikuwa kiasi gani kutoka moja hadi kumi, ulicheza vipi kutoka moja hadi kumi, na ni kitu gani mimi kocha nilifanya kabla ya mechi ambacho usingependa nikirudie. Baada ya mechi kadhaa namba mbili za kwanza zitakuonyesha kila mchezaji hucheza vizuri akiwa wapi, na utashangaa kuona nani anahitaji saba na nani anahitaji tatu. Swali la tatu, mara ya kwanza wote watakuandikia "hakuna, kocha". Usikubali. Mpe nahodha azikusanye, uwe haupo, na zisiwe na majina. Mara ya pili wataandika. Karatasi moja niliyonayo hapa, ya timu ambayo siitaji, inasema: "Kocha, ukisema humu ndani kuna watu hawajitumi, usinitazame mimi."